Gari dogo jipya kwa mkopo, au la miaka 11 lililotembea kilomita 48,000?

Msomaji ameuliza: "Nina akiba inayotosha kununua kwa fedha taslimu sedani ya otomatiki, injini ya lita 1.8, yenye umri wa miaka 11. Ina mmiliki mmoja tangu mwanzo na imetembea kilomita 48,000 tu. Akiba hiyohiyo inaweza kuwa malipo ya awali ya gari dogo jipya lenye injini ya lita 1.0 yenye tabo (turbo), salio nikalipa kwa mkopo wa miaka mitano. Natembea kama kilomita 12,000 kwa mwaka, nyingi mjini, na mara moja kwa mwezi nasafiri mbali na familia, watoto wawili wakiwemo. Fundi wangu anasema hilo la zamani ni sawa na jipya. Ninunue lipi?"

Jibu: Nunua la zamani, lakini uthibitishe kwanza mambo matatu. La kwanza, kwamba kilomita hizo ni za kweli na zina kumbukumbu za sevisi. La pili, kwamba lina mfumo wa kuzuia gari kuteleza (ESC) na mifuko ya hewa isiyo na dosari ya kiwandani. La tatu, kwamba ukishalilipia utabaki na fedha ya kulirudisha kwenye hali yake, isiyopungua asilimia 15 ya bei uliyolinunulia. Likikosa hata moja, achana nalo. Hiyo haina maana kwamba ukimbilie jipya, kwa sababu ipo njia ya tatu nitakayoieleza baadaye.

Fundi wako yuko sahihi nusu tu. Kilomita huchakaza vyuma: pistoni, ringi, beringi, gia. Miaka huchakaza mpira, plastiki na vimiminika, na hiyo huhesabika hata gari likiwa limeegeshwa uani.

Kilomita 12 kwa siku

Gawanya 48,000 kwa miaka 11, kisha kwa siku 365. Unapata kama kilomita 12 kwa siku, pengine sita za kwenda na sita za kurudi. Watu huyaona hayo kuwa matumizi mepesi, lakini kwa injini ya petroli ni matumizi magumu. Maji ya rejeta hupata moto ndani ya dakika chache, ila oili huchelewa, na safari ya kilomita sita huisha kabla oili haijafikia joto la kufukuza unyevu. Mvuke wa maji na petroli isiyoungua hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, trei ya oili chini ya injini. Kwenye safari ndefu vingekauka. Kwenye safari fupi hubaki humo, vikachanganyika na oili na hatimaye kuwa tope jeusi linaloziba chujio la pampu ya oili na njia nyembamba zinazopeleka oili juu kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu. Sailensa nayo hujaa maji yasiyopata muda wa kukauka, ikaoza kutokea ndani huku nje inang'aa.

Kwa hiyo mwenye gari akikuambia, "Silitembezi sana, ndiyo maana oili sijaibadilisha muda mrefu," hapo amekupa sababu ya kuondoka. Watengenezaji wengi huweka vikomo viwili vya sevisi, kilomita au miezi, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari la miaka 11 lililotunzwa vizuri linapaswa kuwa na kumbukumbu zisizopungua kumi za kubadilishwa oili, hata kama kati ya moja na nyingine ni kilomita 4,000. Ukikuta nne, usiite hilo gari la kutumika kidogo. Ni gari lililosahaulika.

Vingine vinavyozeeka kwa miaka ni hivi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ichemke kwa nyuzi 230 au zaidi, na ikishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 155. Ukishuka mlima mrefu na gari limejaa watu, oili ya miaka 11 inaweza kuchemka, pedali ikazama hadi chini bila breki kushika. Tairi hukauka na kupasuka nyuzinyuzi ubavuni hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nene. Bushi za miguu ya gari, mipira ya maji, oili sili na injini maunti hukakamaa. Kaliperi za breki zisizotumika hukwama. Kompresa ya AC isiyowashwa kwa miezi huacha sili zake zikauke, gesi ikavuja.

Cha kuogopwa zaidi ni mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, kama injini hiyo inatumia mkanda na si cheni. Kitabu cha gari kitataja kilomita na pia miaka, mara nyingi kati ya mitano na kumi. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni na silinda hedi yote huharibika. Kama hakuna risiti inayoonyesha umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo ipunguze kwenye bei.

Jinsi ya kujua kama 48,000 ni kweli

Kurudisha nyuma kilomita za dashibodi ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, kwa hiyo usiiamini namba yenyewe. Angalia mpira wa pedali ya breki: kwa kilomita 48,000 mistari yake bado inaonekana vizuri. Ukiwa umelainika upande mmoja, au ni mpya kabisa huku pedali ya mafuta ni kuukuu, uliza kwa nini. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, mahali mtu anapojisugua akiingia. Vuta mkanda wa dereva wote hadi mwisho; gari lililotembea sana huwa na mkanda uliochakaa pembeni na unaorudi kwa uvivu.

Kisha soma tairi. Ubavuni kuna namba inayoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa 48,000 ungetegemea seti ya pili ya tairi, pengine hata ya kwanza. Ukikuta tairi za aina nne tofauti, au seti ambayo kwa tarehe zake lazima iwe ya tatu au ya nne, namba ya dashibodi haiendani na ushahidi. Tairi iliyozidi miaka sita ikaguliwe kila mwaka, na ya miaka kumi itolewe hata kama haijatumika, pamoja na ile ya spea.

Mwambie fundi aunganishe kompyuta na asome zaidi ya injini. Kwenye magari mengi, kompyuta ya breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga), ya giaboksi au ya mifuko ya hewa huhifadhi kilomita zake, na anayechezea dashibodi mara nyingi huzisahau hizo.

Ukaguzi wenyewe

Nenda asubuhi, na umwombe mwenye gari mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi siku nyingine. Injini ya moto huficha mambo mengi.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta (kikiwa baridi tu) uone rangi ya maji. Yakiwa ya kahawia kama kutu, mfumo wa kupoza injini umeachwa bila kulanti (kimiminika cha kupoza injini) kwa muda mrefu. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona ute mweupe kidogo chini ya kifuniko hicho pekee, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Ukiuona na kwenye kijiti cha kupimia oili, au maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Washa swichi bila kupiga staata. Taa ya injini, ya ABS, ya mifuko ya hewa na ya ESC, ile yenye picha ya gari na alama za kuteleza, zote ziwake kisha zizime zenyewe. Taa isiyowaka kabisa inatisha zaidi ya inayowaka, kwa sababu huenda imekatwa makusudi. Sasa piga staata huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka sekunde za kwanza na kupotea huonyesha sili za valvu zimekakamaa, jambo la kawaida kwa gari lililokaa. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mlio wa cheni kugonga sekunde mbili tatu za mwanzo ni dalili kwamba tensiona (kikaza cheni) imechoka au oili inachelewa kupanda.

Kompyuta ikishaunganishwa, mwambie fundi asitazame makosa pekee, aangalie pia kama vipimo vya kujikagua vimekamilika. Mtu akifuta makosa usiku wa kuamkia ukaguzi, taa huzima na orodha huwa tupu, lakini vipimo vile huonyesha "havijakamilika" mpaka gari litembee siku kadhaa. Hicho kipengele kimoja kimewaokoa wanunuzi wengi.

Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, kwa kawaida isome kati ya 13.8 na 14.5. Jaribu gari barabarani kwa dakika zisizopungua 30, si kuzunguka mtaa. Giaboksi otomatiki yenye kasoro hufanya vizuri ikiwa baridi na kuanza kusita au kuruka ikipata moto. Mwisho lipandishwe juu, fundi aangalie sailensa, bushi, oili inayovuja kwenye maungio, na kutu kwenye chesisi. Akiwa na kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani huwa karibu mikroni 80 hadi 180. Panapozidi 300 huenda pamepakwa rangi upya au pamewekwa bodifila (udongo wa kusawazisha bodi), basi uliza kama palipata ajali.

Usalama wa familia

Watoto wapo garini, kwa hiyo hapa sikubali maelewano. ESC huzuia gari kuyumba na kuzunguka dereva anapokwepa kitu ghafla au kukata kona yenye utelezi. Marekani iliufanya kuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Gari la miaka 11 liko karibu na mipaka hiyo na inategemea lilitengenezwa kwa soko gani. Usikisie: tafuta kitufe chake au taa yake.

Mifuko ya hewa ina habari yake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipuzi vya mifuko ya hewa vinavyotumia nitrati ya amonia, ambayo huharibika ikipigwa na joto na unyevu kwa miaka. Mfuko unapolazimika kufunguka, kasha la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa yabadilishwe kifaa hicho bure, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Chukua namba ya chesisi (kwa magari mengi ina tarakimu na herufi 17), uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari au ya mamlaka ya usalama barabarani, uone kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Hiyo ifanyike kabla ya kulipa. Hakikisha pia namba hiyo inalingana na ya kwenye kadi ya gari, ya kwenye kioo au nguzo ya mlango, na iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe.

Usidhani jipya ni salama kwa kuwa ni jipya. Mwaka 2014 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, iligonganisha magari madogo mapya yaliyokuwa yakiuzwa India bila mifuko ya hewa, na kadhaa yakapata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Modeli yenye jina moja inaweza kuuzwa na mifuko sita soko moja na miwili soko jingine. Uliza idadi ya mifuko, ESC, na ndoano za ISOFIX za kufungia viti vya watoto kwenye toleo lilelile unalouziwa, uandikiwe. Kumbuka pia kwamba gari zito likigongana na jepesi, walio kwenye jepesi ndio huumia zaidi. Sedani yako ya 1.8 ina faida hiyo.

Hesabu

Tuseme gari jipya ni 100, la zamani ni 38, akiba yako ni 45. Namba hizi ni za mfano. Weka zako, hesabu ni ileile.

Ukichukua jipya: unalipa 40 mwanzo, unakopa 60 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, miezi 60. Kila mwezi ni 1.33, jumla 80, yaani riba peke yake ni 20. Ukiambiwa riba ni hiyohiyo 12 lakini inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, riba inakuwa 36, si 20. Ndiyo sababu usijadiliane kwa kiasi cha kila mwezi. Uliza jumla yote utakayolipa. Baada ya miaka mitano tuseme linauzwa 50. Umepoteza 70. Ongeza sevisi 6 na bima kubwa kama 15, ambayo mkopeshaji ataidai upende usipende. Jumla ni 91.

La zamani: 38, na 6 za matengenezo ya mwanzo. Miaka mitano mbele tuseme unaliuza 18. Umepoteza 26. Weka 13 za sevisi na vipuri, na 6 za bima kubwa. Jumla 45.

Tofauti ni 46. Sasa mafuta: gari dogo likienda kilomita 18 kwa lita na sedani 13, kwa kilomita 12,000 kwa mwaka sedani inakula lita 256 zaidi, yaani lita 1,280 kwa miaka mitano. Zidisha kwa bei ya lita unayolipa wewe. Ili jipya lishinde kwa kubana mafuta, lita hizo ingebidi zigharimu karibu nusu ya bei ya gari jipya, na hilo halitokei. Hata ukilazimika kubadilisha giaboksi nzima kwa 15, la zamani bado liko mbele. Ungekuwa unatembea kilomita 40,000 kwa mwaka, hesabu ingebana zaidi na ningekushauri uirudie upya.

Faida ya kweli ya jipya ni dhamana na uhakika wa kuamka gari likawaka. Kama kazi yako haivumilii gari kulala gereji siku mbili, hiyo ina thamani, nami sitaidharau. Lakini injini ndogo ya tabo ina masharti yake. Tabo hutegemea oili safi ya daraja sahihi. Kuchelewesha sevisi kunakosameheka kwenye 1.8 isiyo na tabo kunaua tabo. Baadhi ya injini hizo zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi huuyeyusha polepole, na chembe zake huziba chujio la pampu. Zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hujenga masizi juu ya valvu za kuingizia hewa. Uliza mambo haya matatu kwa modeli unayoitaka. Dhamana nayo haigusi breki pedi, tairi wala wipa, na inaweza kupotea ukiruka sevisi.

Njia ya tatu ni gari la miaka mitatu au minne, lililotembea kilomita 40,000 hadi 60,000, lenye sevisi kamili. Mmiliki wa kwanza ameshabeba hasara kubwa ya mwanzo, mpira bado una uhai, na ESC ipo. Likipatikana kwa 60, mkopo wako unakuwa mdogo na mfupi. Kama sedani yako itaanguka kwenye ukaguzi, hapa ndipo pa kutafuta.

Ukishainunua

Usianze safari ile ya mbali kabla ya kazi hizi. Badilisha oili ya injini na filta yake, tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, kisha ubadilishe tena. Oili mpya huanza kulegeza tope la zamani na huchafuka haraka. Badilisha oili ya breki yote mpaka itoke safi magurudumu yote manne, na kaliperi zifunguliwe, pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Kulanti mpya ya aina iliyoandikwa kitabuni, usichanganye rangi kwa kubahatisha. Mkanda wa taimingi ukifunguliwa, weka tensiona na pampu ya maji palepale, kwa sababu kazi ya kufungua ndiyo ghali. Fani belti, filta ya hewa, betri kama imezidi miaka minne, tairi nne za tarehe ya karibuni.

Oili ya giaboksi otomatiki iachwe itiririke chini yenyewe kisha ijazwe mpya, bila mashine ya kusukuma kwa presha, kwa sababu presha inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu ndogo za giaboksi. Rudia baada ya kilomita 5,000, kwa kuwa mara ya kwanza hutoka sehemu tu ya oili yote. Na kila wiki lipeleke mahali ambapo litakimbia nusu saa bila kusimama, injini ipate moto wake kamili.